Kadi Tuliyoichagua, na Kwa Nini Si Ile Yako, Mjomba

S.L.P. 612,
Lodwar.
12 Oktoba 2025.

Mpendwa Mjomba Josiah,

Ejok noi kutoka Lodwar! Nakusalimu kwa heshima zote anazostahili ndugu wa mama, na kabla sijafungua mdomo kuhusu jambo lingine lolote, nakuuliza habari za afya yako. Je, ule mgongo uliokusumbua ulipokuwa ukifanya zamu mbili hotelini umepata nafuu? Mama Emanikor hajambo? Na Emanikor mwenyewe, bado anakataa kula chochote kisicho wali? Nasikia watu wa Doha wanalalamikia joto. Tafadhali waambie kwamba wewe ulizaliwa Lodwar, mahali ambapo jua halijui likizo.

Sisi hatujambo. Mama ni mzima, anacheka, na amenenepa kidogo, ingawa ukimwambia hivyo atakana. Bibi yuko Lokitaung na goti lake, na amekataa katakata kuletwa hospitali ya huku. Anasema goti ni lake na ndiye anayejua linataka nini. Mbuzi wake wamezaa vizuri. Anakuombea kila jioni, na kila jioni anauliza kama nchi uliyohamia ina tumbaku.

Kuhusu chuo, ukweli ni kwamba wahadhiri wamegoma na madarasa yamefungwa. Nikiwa katibu wa umoja wa wanafunzi, nilisimama juu ya meza ya bwalo nikawataka wenzangu watoke kuwaunga mkono walimu wao, nao wakatoka. Najua Mama amekusimulia habari za mabomu ya machozi kwa sauti ya msiba. Macho yangu ni mazima, Mjomba, na msimamo wangu pia. Serikali inayomkopa mwalimu mshahara wake mwenyewe haina haki ya kumfundisha mwanafunzi adabu. Nitaishia hapo, maana sikukaa chini kuandika kuhusu serikali.

Nimekaa chini kuandika kuhusu kadi. Umeuliza mara tatu kwa simu kama tumechukua ile kadi ya benki uliyotupendekezea, na mara zote tatu mtandao umekatika nilipokuwa nafika kwenye hoja. Mara mbili umeuhesabu ukimya huo kuwa ushindi wako. Karatasi haikatiki. Basi jibu ni hili: kadi tumechukua, lakini siyo ile. Sasa nivumilie nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu katika jambo hili nusura tumpoteze mtu.

Nianze na biashara yenyewe, maana ulipokuja mara ya mwisho ilikuwa bado wazo la jikoni. Unajua kwamba Mama amesuka vikapu vya majani ya mkoma tangu ujana wake. Mwaka jana, kwenye maonyesho ya akina mama kule kambini Kakuma, meza yake iliwekwa karibu na meza ya Adhel, mama mmoja wa Kidinka aliyekimbia vita vya Sudan Kusini, ambaye hutarizi yale mashuka ya maua yanayoitwa milaya. Hakukuwa na wateja asubuhi hiyo. Adhel, kwa uchovu wa kukaa bure, akachukua kikapu cha Mama akakishonea bitana ya kitambaa chake, ua jekundu likichungulia ndani. Mwenye hoteli mmoja wa Naivasha akapita, akakinunua, akarudi, akaagiza arobaini.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Mkoma na Sindano. Ni kampuni ya ubia iliyoandikishwa kwa majina mawili, la Mama na la Adhel, nusu kwa nusu. Mimi nimejipa cheo cha mshauri, cheo kisicho na mshahara na kisichokosa lawama.

Shida ya biashara hii ni ndogo lakini inauma. Hoteli hulipa baada ya mwezi na nusu, ilhali nyuzi na vitambaa vya Eldoret vinataka fedha leo. Katikati ya leo na mwezi na nusu, akina mama wanaosuka hukaa mikono mitupu. Ndipo wewe uliposema: chukueni kadi ya mkopo, ile inayotoa pointi za ndege, mnunue nyuzi sasa, mlipe deni hoteli ikilipa, na pointi zikijaa dada yangu apande ndege aje Doha kunitembelea. Wazo lilikuwa zuri, Mjomba, na lilitoka moyoni. Silipingi wazo; naipinga kadi.

Benki ilimtuma kijana wake, Wekesa, mtu mcheshi anayevaa tai hata saa nane mchana, akaja hadi kwenye kibanda chetu sokoni.

"Mama, hii kadi ni ya kupaa," akasema. "Unanunua uzi, unapaa! Unanunua mafuta, unapaa!"

"Na mimi naogopa hata ngazi," Mama akamjibu. "Napaa naenda wapi?"

"Popote. Dubai, Doha..."

"Doha iko ndani?"

"Doha iko ndani kabisa!"

Hapo Wekesa alikuwa amemaliza kazi. Tangu siku hiyo Mama yako wa pili, yaani dada yako, alianza kuniuliza kama wanawake wa Doha huvaa ushanga shingoni na kama ni aibu kufika na viatu vya kukatwa kwenye tairi. Hakuwa ametia sahihi popote, lakini moyoni alikuwa ameshafunga mkanda.

Mimi nikauliza swali moja. Nikamwuliza Wekesa: wenye biashara ni wawili, je, kadi zitakuwa mbili? Akajikuna kidevu. Akasema kadi ya pili hutolewa kwa mwenye kitambulisho cha taifa peke yake, na kwamba huyo mwenzetu wa Kakuma hatakosa nafasi, kwa kuwa tunaweza kumwandika saplaya.

Saplaya! Mjomba, nilihisi joto likinipanda kichwani. Mwanamke ambaye ua lake ndilo lililokiuza kikapu cha kwanza, anayelala macho yakiwasha kwa ajili ya sindano, aandikwe muuza vifaa katika biashara yake mwenyewe? Leo ni kadi. Kesho akaunti itafuata kadi, keshokutwa maamuzi yatafuata akaunti, na siku moja tutaamka tukute nusu kwa nusu imebaki kwenye cheti kilichotundikwa ukutani. Watu huporwa hivyo, polepole na kwa adabu, huku wakipewa kalamu watie sahihi. Nilimweleza Wekesa haya yote. Nilimweleza kwa sauti iliyowafanya wauza samaki waache kupima samaki wasikilize.

Mama akasema tu, "Twende Kakuma. Adhel aseme mwenyewe."

Tukaenda. Adhel alitupokea kwa ile kahawa yao ya tangawizi inayomwamsha hata aliyelala. Akatandika shuka jipya tulikalie, Mama akakataa kukalia kazi ya mtu, wakabishana, na mwishowe tukakaa mkekani. Kisha nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilizungumzia haki, nilizungumzia mipaka iliyochorwa na watu wasiowahi kuchunga hata mbuzi mmoja, nilizungumzia heshima ya mfanyakazi. Nilikuwa nafika kwenye hitimisho Adhel aliponishika pindo la nguo akanivuta nikae.

"Awoi, kahawa yako inapoa," akasema. "Wewe unapigana kwa jina yangu, na mwenye jina hujamwuliza."

Mama akacheka hadi akamwaga kahawa.

"Haya, nakuuliza," nikasema.

"Mimi nasema chukua ile ya ndege. Mama yako apande aone ndugu yake. Mimi hata mkinipa ndege yenyewe na rubani, karatasi ya kutoka Kakuma naomba wiki mbili. Nitapaa niende wapi? Mniite saplaya, mniite nini, bora nyuzi zikuje. Khalas."

Hebu nifikirie, Mjomba: mtetezi amesimama mahakamani, na mteja wake mwenyewe ameupa upinzani ushindi. Kura mbili dhidi ya hakuna, kwa sababu mshauri hana kura. Nilikasirika, sikufichi. Nilikasirika zaidi kwa kuwa niliona hakusema vile kwa kukosa kuelewa. Alisema vile kwa kumpenda Mama, na pia kwa sababu amezoea kuwa wa mwisho kwenye kila foleni.

Basi nikaacha haki nikashika hesabu, maana kuna watu ambao haki huwafikia kwa mlango wa nyuma. Nikawaambia: pointi huja pale tu kadi inapoguswa kwenye mashine. Tuangalie fedha zetu zinakwenda wapi. Majani ya mkoma tunanunua kwa akina mama wa kando ya Turkwel, ambao hutaka nusu ya malipo iwe sukari na majani ya chai, na hawana mashine. Rangi tunanunua kwa bibi anayechemsha magome nyumbani kwake, hana mashine. Mwenye lori la kubeba mizigo hutaka noti mkononi kabla hajawasha injini. Mama alikuwa amezipigia fedha zote hizo hesabu ya pointi, pamoja na sukari! Zaidi ya nusu ya matumizi yetu hayajawahi kuona mashine na hayatarajii kuiona. Kwa yanayobaki, yaani nyuzi, vitambaa na mafuta ya jenereta, tiketi moja ya Doha ingetimia wewe ukiwa umeshastaafu, na ada ya mwaka ya kadi ile ingekuwa imeshanunua tiketi mbili.

"Kwa hivyo sukari haipai?" Mama akauliza.

"Haipai, Mama."

Akasikitika. Lakini bado hakubadili neno lake. Hesabu, kumbe, ilimhuzunisha tu bila kumgeuza. Kilichomgeuza ni swali alilouliza mwenyewe kwa kupita, nami nisijue uzito wake. Alitaka kujua pointi zikishajaa ni za nani: za biashara, au za mwenye kadi? Sikuwa na uhakika, nikampigia Wekesa nikaweka simu katikati ya mkeka ili wote wasikie.

"Pointi ni za mwenye kadi tu," Wekesa akasema kwa furaha, akidhani anatia chumvi kwenye mchuzi. "Mama, ni zako peke yako! Hagawiwi mtu, hahamishiwi mtu, harithi mtu."

Mama akaitazama simu kama mtu aliyetukanwa. Simu ilipokatika akamgeukia Adhel, na hapa nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, kwa Kiswahili chake cha sokoni, maana yangu hayatafika.

"Mtu akinipa ng'ombe ikae kwangu, ikizaa, yeye anajua iko ndama yake hapa. Siku ya ukame anakuja, anasema nipe. Mimi siwezi kusema hapana. Sasa hii pointi inazaliwa na uzi yetu wawili. Siku wewe uko na shida, ukikuja kuniomba, mimi natoa wapi?"

Adhel akapiga goti lake kwa kiganja. "Hata kwetu! Hata kwetu ni hivyo. Ng'ombe ya rafiki haiwezi kuzaa kwa siri."

"Basi hii ya benki inazaa kwa siri," Mama akasema. "Mimi siitaki kwa boma yangu."

"Lakini ndugu yako? Utakosa kumwona."

"Ndugu yangu ana miguu."

Ndiyo hukumu yako, Mjomba, nami naifikisha kama ilivyotolewa. Huenda hukumbuki, au labda unakumbuka kuliko mimi, jinsi babu alivyokuwa na marafiki wa mifugo kuanzia Todonyang hadi Lokichar, na jinsi mnyama mmoja aliyetolewa alivyokuwa kamba kati ya maboma mawili kwa miaka. Mama hakuhitaji mimi nimfafanulie ubia. Alichohitaji ni kujua kwamba kadi ile ingekata kamba, naye akaijua kamba mara tu alipoiona.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya miguu. Nilizunguka benki za Lodwar na za Kakuma kwa siku kadhaa, na katika moja nikakutana na afisa anayeitwa Jebet, dada mpole asiye na maneno ya kupaa. Alituuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ametuuliza: "Mnanunua nini zaidi, na mnanunua wapi?" Tulipomaliza kumjibu akatutolea kadi isiyo na urembo wowote. Haina ndege, haina hoteli. Ukinunua mafuta au bidhaa za jumla, inarudisha shilingi mbili kwa kila mia, na fedha hizo huingia kwenye akaunti ya biashara, ile ambayo haifunguki bila sahihi mbili. Ada yake ya mwaka hata kibanda chetu kinaweza kuibeba. Nikamwuliza kuhusu kadi ya pili, nikiwa tayari nimekunja mikono kwa vita.

"Kitambulisho cha mkimbizi tunakubali," akasema, "bora biashara iwe imeandikishwa kwa jina lake. Imeandikishwa?"

Nilimwekea cheti mezani, Mjomba, kwa kishindo kikubwa kidogo kuliko nilivyokusudia.

Usidhani nimesalimu amri kwa mabenki. Kadi ya mkopo ni kisu. Hukata nyanya na hukata kidole. Nimeweka masharti, na akina mama wote wawili wameyakubali. Deni lote hulipwa kila mwezi, lote na si sehemu, na benki imeamriwa ilikate yenyewe kwenye akaunti tarehe tano ili tusije tukasahau kwa makusudi. Hakuna kuitumia kadi kutoa fedha taslimu, maana riba ya hiyo huanza kuhesabiwa siku hiyo hiyo. Hakuna kununua kitu kwa sababu tu kinarudisha shilingi mbili. Anayenunua asichohitaji ili arudishiwe mbili ametupa tisini na nane. Mama ameongeza sharti lake mwenyewe, kwamba mshauri asihutubie watu wa benki bila ruhusa.

Sasa kuhusu safari. Usihuzunike wala usimlaumu dada yako. Wewe ndiye umeruka na mashirika hayo miaka yote hii, na Mama Emanikor alinidokezea kwamba pointi zako zimelala zikizeeka. Nauliza, na nauliza kwa heshima: kwa nini tungoje pointi za uzi zijae wakati zako zimeshajaa? Zilete Lodwar. Njoo Desemba, umlete Emanikor aone mbuzi wa Bibi. Mama amenunua godoro jipya, kwa noti na si kwa kadi, na anasema ni la wageni, ingawa sijui mgeni mwingine anayemtarajia.

Habari moja ya mwisho. Kadi zilitoka juma lililopita, nikampelekea Adhel ya kwake. Akataka tuitumie papo hapo, kabla, alisema, benki haijagundua makosa yake. Tukaingia duka moja la jumla pale Kakuma mjini, akachagua vitambaa vyeupe, akavipapasa vyote, akavirudisha viwili. Mtandao ulikuwa mzito. Mashine ikazungusha, ikazungusha, foleni nyuma yetu ikaanza kunung'unika, na nikamwona Adhel akianza kusogea kando, taratibu, kama mtu aliyezoea kuambiwa asogee. Kisha mashine ikalia na kutoa risiti. Mwenye duka akampa kalamu.

Tulipotoka akasimama kivulini, kitambaa kwapani, kadi kwenye vidole viwili. Nilitarajia ashukuru. Nakiri nilikuwa na majibu tayari, ya kumwambia kwamba haki haishukuriwi.

"Sasa hii pesa ni ya nani?" akaniuliza.

"Ya benki. Tarehe tano wataidai."

"Watanidai mimi?"

"Wewe na Mama."

"Mimi, kwa jina yangu?"

"Kwa jina lako."

Akaanza kucheka. Alicheka hadi akafuta macho kwa ncha ya kitambaa kipya. "Awoi," akasema, "miaka kumi na moja niko hapa, napewa. Mahindi napewa, sabuni napewa, hata turubai ya nyumba napewa. Hakuna mtu amewahi kuniamini anidai hata shilingi kumi." Kisha akamwona jirani yake ng'ambo ya barabara, akainua kadi juu na kupaza sauti hadi bodaboda wakageuka: "Akon! Akon, njoo uone! Wallahi, leo na mimi nadaiwa!"

 Nilibeba vitambaa tu.

Nisalimie sana Mama Emanikor, na umwambie ushanga wake uko tayari. Mpe Emanikor salamu za binamu yake Awoi. Erupe, kaka yangu, bado yuko Lokichar na wakandarasi wake na anakusalimu; anaomba usimletee viatu vidogo kama vya mwaka ule. Bibi anakutemea mate ya baraka kutoka Lokitaung, nawe uyapokee kwa uso wote. Mama hakutuma salamu, ametuma neno moja, nalo ni "Desemba."

Akuj akulinde katika zamu zako za mchana na za usiku, anyooshe mgongo wako, na alainishe njia yako ya kurudi kwetu.

Ni mimi mpwa wako, anayekupenda hata anapokubishia,

Awoi Emuria.